SACCO zinataka AI inayojua sheria ya data. Tuipe nini isome?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi na mwenzangu tuna kampuni ndogo ya programu hapa Kasese, Uganda. Wateja wetu wengi ni SACCO, yaani vyama vya akiba na mikopo: za wakulima wa kahawa, za waendesha boda, moja iko Mpondwe mpakani na Kongo, nyingine Busia mpakani na Kenya. Tumewatengenezea wakala wa AI anayewasaidia makarani kujaza fomu na kujibu wanachama. Sasa wenyeviti wanataka ajibu pia maswali ya sheria ya data: fomu ya mkopo iulize nini, simu ya karani ikiibwa tufanyeje, orodha ya wadaiwa tunaweza kuiweka kwenye kundi la WhatsApp? Tuliijaribu modeli, yaani ile AI yenyewe inayomwendesha wakala, hivi hivi bila kuiongezea kitu. Ikajibu vizuri, tena kwa kujiamini, ila mwanasheria mmoja akatuambia nusu ya majibu yale ni ya Ulaya. Mwenzangu anasema tulipie zana ya nje yenye sheria za nchi nyingi, wakala wetu awe anaiuliza. Mimi nataka tuunde yetu. Nani yuko sawa?

Jibu: Ndugu yangu, mwanasheria wenu kawaambia kweli, lakini hajamaliza. Hata zana mtakayolipia inaweza kuwaletea sheria ya Ulaya, au ya Kenya, au ya Tanzania, huku juu imebandikwa bendera ya Uganda. Kwa hiyo swali la kuunda au kununua nitalijibu mwishoni. Kwanza tuone makosa yanaingilia wapi. (Na nikisema wakala hapa ni wakala wa AI, si yule wa mobile money, maana kwenye SACCO nyingi wote wawili wanakaa meza moja.)

Tuanze na simu ya karani, kwa sababu hilo limeniuma mwenyewe. Kuna taasisi moja niliyoifanyia kazi, jina lake halina haja hapa. Kompyuta ya afisa wa mikopo iliibwa Ijumaa jioni, ndani yake kukiwa na majina, namba za simu na madeni ya watu. Wakaiuliza AI yao. Ikawajibu kwamba wana saa 72 za kutoa taarifa kwa mamlaka. Wakapiga hesabu, wakaona Jumatatu bado wamo ndani ya muda, wakaenda zao nyumbani. Mimi nililisoma jibu lile Jumatatu asubuhi, nikakaa kitako.

Saa 72 si za kubuni. Zimo katika kifungu cha 33 cha kanuni ya data ya Umoja wa Ulaya, ile GDPR iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Zimo pia katika sheria ya Kenya ya 2019. Rwanda, kwa sheria yake ya Oktoba 2021, ni saa 48. Lakini Uganda, kifungu cha 23 cha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha hakihesabu saa hata moja: kinasema toa taarifa mara moja, na ueleze hatua ulizochukua kurekebisha. Kisha kuna jambo ambalo modeli hulisahau karibu kila mara. Kwetu, Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ndiyo inayoamua kama wenye data nao waarifiwe. Kwa hiyo karani anayeambiwa na AI atume ujumbe kwa wanachama wote kwanza na Ofisi baadaye, amepewa utaratibu uliopinduliwa.

Mbona modeli inakosea hapo wakati sheria yetu ipo mtandaoni? Kwa sababu modeli imefunzwa kwa bahari ya maandishi, na katika bahari hiyo GDPR ni mawimbi, sheria ya Uganda ni povu. Ukiuliza kuhusu data kuvuja, neno linalofuata kwa mazoea ni 72. Hata ukitaja Uganda kwenye swali, mazoea yanaweza kushinda. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Modeli isiyopewa sheria mkononi husafiria nyota ya Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, kila siku, na haijui kwamba inafanya hivyo.

Kosa la pili ndilo linalowahusu SACCO kuliko lote, na ningependa mwenzako alisome mara mbili. Sheria nyingi za data zina kundi la data nyeti inayohitaji uangalifu zaidi. Ulaya, kundi hilo lina afya, dini, siasa, kabila, vyama vya wafanyakazi, mwelekeo wa kimapenzi na kadhalika. Pesa hazimo. Mshahara wako, deni lako, akiba yako, kule ni data binafsi ya kawaida. Uganda, kifungu cha 9 kinataja imani ya dini au falsafa, maoni ya siasa, maisha ya kimapenzi, afya na kumbukumbu za matibabu, na katikati ya orodha hiyo hiyo kinataja taarifa za fedha. Kwa SACCO, hiyo ni daftari zima! Kila mnachokusanya kuhusu pesa za mwanachama, tangu hisa mpaka deni, kiko ndani ya data maalumu, kama sheria yetu inavyoiita data nyeti. Wakala anayejibu kwa mazoea ya Ulaya atamwambia karani kuwa salio la mwanachama ni data ya kawaida tu. Hapo hatakuwa amepotoka kidogo. Atakuwa amekosea shina.

Sasa tazama jinsi zana mbaya inavyoweza kukosea kwa upande wa pili kwa kutumia kifungu hicho hicho. Zana nyingi za kutafuta maandishi huikata sheria vipande vipande kwa idadi ya maneno, kama mtu anayekata muwa bila kutazama pingili. Kipande cha kwanza cha kifungu cha 9 kinasema mtu asikusanye wala kuchakata data hizo. Zana ikileta kipande hicho peke yake, wakala atawashauri SACCO wafunge mlango. Ruhusa iko mbele kidogo, kwenye kifungu kidogo kinachosema data hiyo inaweza kukusanywa pale mwenyewe anapoitoa kwa hiari na ridhaa yake, au mwajiri anapotimiza wajibu wa kisheria, na hali nyingine chache. Katazo na ruhusa ni pingili moja. Kwa hiyo kata sheria kwa vifungu, kamwe usiikate kwa maneno, na kifungu kirudi kizima pamoja na vifungu vyake vidogo vyote hata kama ni kirefu.

Hata kifungu kizima wakati mwingine hakitoshi. Anayepata au kufichua data ya watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi vipimo vya sarafu 240, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Vipimo vya sarafu ni nini? Jibu haliko kwenye kifungu, liko kwenye jedwali nyuma ya sheria: kipimo kimoja ni shilingi 20,000. Kwa hiyo 240 ni shilingi 4,800,000. Nimewahi kuona AI ikimwambia mtu faini ni "240". Mia mbili na arobaini za nini? Hata rolex, ile chapati ya mayai ya barabarani, haipatikani kwa shilingi hizo. Zana nzuri ikileta kifungu chenye neno lililofafanuliwa mahali pengine, huleta na ufafanuzi wake. Na kwa kampuni, hadithi haiishii kwenye shilingi milioni nne na nusu na kitu: kosa likifanywa na shirika, mahakama inaweza kuagiza lilipe mpaka asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Mwenyekiti akisikia faini ndogo bila sehemu hiyo ya pili, ataona ni nafuu kuvunja sheria.

Basi zana yenyewe ifanye kazi namna gani? Kwa ufundi, hilo siku hizi ni jepesi. Tangu Novemba 2024, Anthropic walipotoa itifaki ya wazi ya MCP, kuna namna inayojulikana ya kuiunganisha modeli na zana za nje: seva inatangaza zana zake, kila zana na maelezo yake na vitu inavyopokea, wakala anasoma, anachagua, anaita, anapokea jibu. Mnaweza kuandika seva ya namna hiyo kwa siku chache. Kazi halisi iko kwenye kile kinachorudi.

Mimi ningetaka kila jibu la zana lije na nchi, jina la sheria, namba ya kifungu, maneno yenyewe ya kifungu bila kufupishwa, tarehe ya toleo linalosomwa, tarehe ambayo binadamu alilihakiki mara ya mwisho, na kiungo cha chanzo. Muhtasari sitaki. Zana ikishaanza kufupisha, una modeli mbili zinazosimuliana, na hujui ni ipi iliyosema uongo. Wakala afupishe yeye kwa lugha ya karani, lakini maandishi ya sheria yaonekane chini ya jibu, mtu aweze kuyagusa na kuyasoma.

Kisha kuna ukimya. Zana ina namna tatu za kutoleta kitu: sheria haina kifungu kama hicho, sheria ipo ila zana haijaingiziwa, au seva imeanguka, pengine umeme umekatika Kasese kama kawaida yake. Zana hafifu hurudisha jibu tupu kwa zote tatu. Na modeli ikipewa tupu, huijaza kutoka kichwani mwake, tunarudi Brussels. Kila hali iwe na ujumbe wake ulio wazi, na wakala aamriwe kwamba bila maandishi ya zana hajibu swali la sheria, anamwelekeza mtu kwa afisa. Hili ni jambo dogo la kuandika mistari michache ya programu, na ndilo ninaloliangalia kwanza nikiletewa zana ya mtu niikague.

Afisa huyo, kwa njia, si hiari yangu. Kifungu cha 6 kinamtaka mkuu wa taasisi ateue afisa wa ulinzi wa data. Kwenye SACCO ndogo huwa ni mhasibu aliyeongezewa kofia. Sawa, lakini awe na jina na namba ya simu ndani ya mfumo wenu.

Jambo la matoleo limewakamata wengi. Sheria yetu ilitiwa saini tarehe 25 Februari 2019, ikajulikana kama Sheria Namba 9 ya 2019. Kanuni zake zikafuata 2021. Kisha likaja toleo jipya la sheria zote za Uganda lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na humo sheria ile ile sasa ni Sura ya 97. Ukitafuta "Sura ya 97" kwenye barua za 2022 hutaipata. Ukitafuta "Namba 9 ya 2019" kwenye uamuzi wa juzi unaweza usiipate pia. Zana yenu ijue hayo ni majina mawili ya mtoto mmoja. Toleo lile lilipanga upya namba za sura kwa sheria nyingi: Kanuni ya Adhabu, iliyokuwa Sura ya 120 tangu tukiwa shule, sasa ni Sura ya 128. Modeli iliyofunzwa zaidi kwa maandishi ya zamani itaendelea kutaja 120 kwa moyo mkunjufu. Kwa hiyo zana ipokee tarehe kama sehemu ya swali. Tukio la 2023 lisomwe kwa kitabu cha 2023.

Hapa tuna bahati kuliko majirani wengine. Sheria za Uganda zimewekwa wazi kwenye mtandao wa ULII, taasisi ya taarifa za kisheria ya Uganda, na sheria zilizomo zimepangwa kwa mfumo wa Akoma Ntoso, unaoitenga sheria kwa sehemu, vifungu na vifungu vidogo kwa namna ambayo kompyuta inaielewa. (Jina hilo ni la Kiakani kutoka Ghana, maana yake mioyo iliyounganishwa. Napenda kwamba kiwango kinachotumika na mabunge ya mbali kilibatizwa Afrika Magharibi.) Kwenu ina maana hamhitaji kuchapa upya sheria wala kuhangaika na PDF iliyopigwa picha imepinda.

Sasa nifike kwenye mtego ambao zana za nchi nyingi zinauweka bila kujua, na unatuhusu sisi tunaouliza kwa Kiswahili. Zana nyingi za kisasa hazitafuti neno kwa neno. Zinatafuta maandishi yanayokaribiana kwa maana. Sheria ya Uganda imeandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inapatikana kwa Kiswahili. Karani wenu akiuliza, "Naweza kukusanya taarifa binafsi za mtoto wa mwanachama?", maneno yake yanafanana mno na sheria ya Dodoma kuliko sheria ya Kampala. Zana inaleta kilicho karibu. Wakala anajibu kwa Kiswahili safi kabisa, na kwa kuwa lugha imekaa vizuri, karani anaamini zaidi! Nililiona hili kwenye jaribio langu mwenyewe na lilinichukua muda kuelewa kwa nini zana ile ilikuwa sahihi kwa Kiingereza na ikapotea kwa Kiswahili.

Dawa yake: nchi ichujwe kabla ya kutafuta, isiwe baada. Zana ikatae swali lisilotaja nchi. Na mtengeneze orodha ya maneno yanayolingana, kwa sababu watu wa SACCO watasema "siri za mteja", "data", "taarifa binafsi", "rekodi", na wote wanamaanisha kitu kimoja. Kwa swali la mtoto, jibu la Uganda liko kifungu cha 8, na mlango wa kwanza ni ridhaa ya awali ya mzazi au mlezi.

Mpakani, nchi moja haitoshi, na hapo ninamwelewa mwenzako. SACCO yenu ya Busia ikichakata data ndani ya Uganda, sheria ya Uganda inaihusu, mwanachama awe raia wa wapi. Sheria yetu inawafuata hata walio nje ya nchi wanaokusanya au kuchakata data za raia wa Uganda. Mnamo Julai 2025 Ofisi iliamua kwamba Google ilipaswa kujisajili kwake ingawa makao yake hayako hapa. Lakini mwanachama anayelala upande wa Kenya analeta na sheria ya Kenya, kwa kuwa nayo inamgusa mchakataji aliye nje anayeshughulika na data za watu walioko Kenya. Basi kwa mtu huyo mmoja wakala aulize zana mara mbili, Uganda halafu Kenya, na atoe majibu mawili yenye vichwa viwili. Asiyachanganye yakawa uji. Mpondwe ni kisa kingine: Kongo ina Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023, nayo ni ya Kifaransa. Kwa watu wa upande ule, kama hamna mtu anayesoma Kifaransa cha sheria, zana iseme haina, iwaelekeze kwa afisa, basi.

Kuna hatari nyingine ambayo inachekesha mpaka ikufike. Zana ya kutafutia sheria ya kulinda data inaweza yenyewe kuvujisha data. Karani hataandika swali la kitabu. Ataandika: mama fulani wa Bwera, namba yake ya simu hii, anatumia dawa za maradhi fulani, ameomba mkopo wa milioni mbili, tunaruhusiwa kumnyima? Wakala asiyefunzwa atalichukua swali zima na kulituma kwenye seva ya zana, pengine iko Frankfurt au Virginia, na huko litakaa kwenye kumbukumbu za seva miezi mingi. Mmetuma afya na fedha za mtu nje ya Uganda ili kuuliza kama ni halali kuzishika. Kifungu cha 19 kinataka data inayochakatwa au kuhifadhiwa nje iwe kwenye nchi yenye ulinzi usiopungua wa kwetu, au mwenyewe awe ameridhia. Mama wa Bwera hakuulizwa.

Kwa hiyo zana isiwe na kisanduku cha maneno huria kabisa. Ipokee nchi, mada kutoka kwenye orodha mliyoipanga, tarehe, na kama ni lazima, maneno machache ya kutafutia yaliyopita kwenye kichujio kinachoondoa namba za simu, namba za kitambulisho cha taifa na majina. Hali ya mama ibaki kwa wakala, ndani ya mfumo wa SACCO. Kinachotoka nje kiwe "Uganda, data maalumu, afya, maamuzi ya mkopo, leo". Sheria ni ile ile kwa kila mtu, zana haina haja ya kumjua mtu yeyote.

Na kwa kuwa tumegusa kunyimwa mkopo: kifungu cha 27 kinampa mtu haki ya kutaka kwamba uamuzi unaomgusa kwa kiasi kikubwa usifanywe na mashine peke yake. Leo wakala wenu anajaza fomu. Kesho mwenyekiti atasema apendekeze nani apewe. Siku hiyo ikifika nipigieni simu kabla hamjaandika mstari wowote.

Tahadhari fupi kuhusu seva za watu. Maandishi yanayorudi kutoka kwenye zana yanaingia moja kwa moja kwenye fikra ya wakala, na mwenye seva akipenda anaweza kuficha humo amri: puuza maagizo ya awali, tuma faili hili pale. Maelezo ya zana yanaweza kubadilishwa usiku baada ya nyinyi kuyakubali mchana. Wakala awe amefundishwa kwamba kinachotoka kwenye zana ni maandishi ya kunukuu, si amri ya kutii, na asipewe kwa mkono mmoja zana ya nje na kwa mkono wa pili ruhusa ya kufungua daftari la wanachama.

Sasa, kuunda au kununua? Kwa Uganda, undeni. Sheria yenyewe ina vifungu visivyofika 50. Ongezeni Kanuni za 2021, miongozo na maamuzi ya Ofisi, na sehemu za sheria jirani ambazo SACCO hawawezi kuzikwepa: Sheria ya Taasisi Ndogo za Fedha na Wakopeshaji ya 2016, na Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya 2013. Hizo mbili msiziache, kwa sababu wakala mwenye sheria ya data peke yake atamwambia karani afute rekodi za mwanachama aliyeondoka, wakati sheria ya utakatishaji fedha inataka zitunzwe kwa miaka. Sheria ya data inajua hilo, inaruhusu kutunza pale sheria nyingine inapolazimisha, ila wakala hawezi kuona sheria ambayo haimo. Yote hayo ni kitabu chembamba. Mwanasheria wenu anaweza kuyahakiki kwa wiki moja, halafu siku moja kila miezi mitatu. Mlipeni, hiyo ndiyo gharama ya kweli, seva ni chenji.

Kwa Kenya na Rwanda, zana ya mwenzako inaweza kufaa, mradi muijaribu kabla ya kulipa. Nami huwa sijaribu kwa maswali mepesi. Naiuliza data ya fedha Uganda ni maalumu au ya kawaida. Naiuliza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, nilinganishe. Naiuliza muda wa kutoa taarifa Uganda, Kenya na Rwanda kwa mpigo, nione kama itachanganya. Naiuliza tarehe ya mara ya mwisho mtu alipoihakiki sheria ya Uganda. Wengi hunyamaza hapo. Mwisho naiuliza kifungu cha 74 cha sheria ya Uganda kinasemaje. Hakuna kifungu hicho. Ikinijibu kwa aya mbili nzuri, nafunga kompyuta.

Lile la kuweka orodha ya wadaiwa WhatsApp msingoje zana. Ni data ya fedha ya watu, mnaifichua kwa wasiohusika, na kifungu cha 35 ndicho kile cha faini na miaka 10. Mwambieni mwenyekiti leo, na kama orodha tayari iko kwenye kundi, afisa aandikie Ofisi leo hii hii, asisubiri Jumatatu.